Maana Yake Nini? Jibu

Haukilampi, 4 Oktoba 1688

Dada yangu Valpuri,

Pokea salamu za nyumba nzima: za mke wangu Liisa, za Mama, na za yule ndama uliyemwacha hapa, ambaye siku hizi ana wajukuu. Sisi hatujambo. Nafaka imeingia ghalani kabla ya mvua, kitani kimelowekwa ziwani na kijiji kizima kinanuka. Mguu wa Mama unamsumbua, lakini mdomo wake ni mzima kabisa. Nawe hujaniambia kama umeshaifungua karakana ya marehemu shemeji Mikko. Huu ni mwaka wa pili. Vifaa vya kujalidi vitabu vikikaa bure vinashika kutu.

Sasa jambo lenyewe. Siku ya Mikaeli mchungaji wetu mpya, Gabriel, alipanda mimbarani akatusomea sheria mpya ya kanisa, ile ya Mfalme. Alisoma mpaka mbwa wa shamba la Ylätalo akachoka akatoka nje. Kwa kifupi ni hivi: kila mtu, mtoto, mtumishi, mzee, lazima asome kwa macho yake na aijue Katekisimu Ndogo, maswali na majibu yake. Mchungaji atapita nyumba kwa nyumba kuwauliza watu. Asiyejua hafiki kwenye Meza ya Bwana, na asiyefika kwenye Meza ya Bwana ndoa yake haitangazwi.

Hapo nje ya kanisa ungecheka. Mzee Sipi wa Ylätalo alisema, "Baba yangu alizikwa bila kujua A, na kaburi lake halijalalamika." Mama akamwambia, "Halijalalamika kwa sababu halijui kuandika."

Mimi sikucheka sana. Ulipoondoka hapa, lukkari wa kanisa kama mimi alikuwa mtu wa kupiga kengele na kuongoza nyimbo, basi. Sheria mpya inataka lukkari awe mwalimu. Majira ya kuchipua Mkuu wa Jimbo, msimamizi wa makanisa yetu, atakuja kutukagua, na mchungaji ameshaniambia wazi kwamba lukkari atakayeonekana hafai ataondolewa, aletwe mwanafunzi kutoka huko kwenu Turku. Nawe unajua nyumba hii ni ya lukkari, si ya Klemetti. Mama ametuzaa wote humu ndani, na sijui nitampeleka wapi.

Lakini usiwe na wasiwasi. Katekisimu naijua kuliko ninavyomjua Liisa. Nimeshaanza kufundisha. Nawachorea herufi kwa mkaa kwenye vibao vya kuezekea, kubwa kama kwato za farasi, wanaziunga wenyewe silabi kwa silabi. Nitumie vitabu vya chapa mpya, vya kutosha benchi mbili. Kingine sihitaji.

Mdogo wako,
Klemetti, lukkari (na mwalimu, ukipenda)


Turku, 22 Novemba 1688

Mdogo wangu Klemetti,

Salamu kwako, na zaidi kwa Liisa anayekuvumilia. Mwambie Mama mguu wake aufunge sufi na aache kupanda darini kuonja jibini, kwa maana najua ndiko anakouumizia. Hapa mvua haijakoma tangu niipate barua yako. Samaki wa chumvi ni ghali na wabaya. Wanafunzi wa chuo wanapita chini ya dirisha langu wakiimba, mmoja anaimba vibaya kuliko wote, na nina hakika huyo ndiye atakayepewa kengele yako. Kwa hiyo jitahidi.

Vitabu nimemkabidhi Pentti muuza siagi. Nimevifunga kwa turubai, asije akavikalia vikalowa.

Ila nikuulize jambo, mwalimu. Zamani barua yako moja ilikuwa inabeba habari za mwaka mzima upande mmoja wa karatasi, na mistari imenyooka. Hii ya sasa ina maneno manne kwa mstari, nayo yanapanda mlima. Karatasi imeshuka bei huko kwenu?

Habari za karakana ni kwamba ipo. Usiniulize tena.

Dada yako,
Valpuri

Nafasi imeniishia, naandika pembeni kwa herufi za kiroboto: uangalie, chapa hii mpya imebadilisha maneno hapa na pale, si ile tuliyokaririshwa na Baba. Usome kwanza mwenyewe kabla hujawafundisha.


Haukilampi, 25 Januari 1689

Dada yangu Valpuri,

Salamu kutoka kwenye baridi inayopasua magogo. Mama anakushukuru kwa ushauri na anasema dari ni yake. Liisa amefuma kitambaa cha meza cha kanisa, kimesifiwa. Vitabu vilifika vikavu na nimeshavigawa. Barua yako niliisoma dirishani. Mwandiko wako siku hizi umekuwa mdogo, huko pembeni ndiyo usiseme.

Tumefanya mkutano wa kwanza wa kusomeshwa, watu wameshaupa jina, wanauita kinkeri. Ulikuwa Ylätalo. Wenyewe walipika samaki, wakatoa bia, mchungaji akakaa mezani na kuanza na mwenye nyumba.

"Mzee Sipi, amri ya kwanza."

Sipi akakohoa, akafumba macho, akatimua mbio. "Usiwe na miungu mingine maana yake nini jibu yatupasa kumcha Mungu na kumpenda na kumtumaini kuliko vyote."

"Vizuri. Lakini 'maana yake nini' ni swali langu mimi. Na 'jibu' halisemwi, limeandikwa tu kukuonyesha unapoanzia."

"Mchungaji, nikiliruka hilo njia yote inapotea."

"Jaribu. Amri ya pili."

Sipi akajaribu. Akatazama dari, akatazama samaki, jasho likamtoka. Mwisho akanong'ona, "Maana yake nini jibu," na maneno yote yakamwagika. Watu walicheka mpaka bia ikampanda Mama puani. Mchungaji mwenyewe alijificha nyuma ya kitabu.

Kisha akamgeukia Mama. "Na wewe, Mama, unasoma?"

"Mimi naomba," Mama akasema. "Kusoma nimemwachia huyu." Akaninyooshea kidole mimi, mbele ya wote.

Baada ya hapo wanaume wakaenda chumba cha pili na mchungaji, mimi nikabaki na wanawake. Hapo ndipo ukatokea ukaidi. Kuna Riitta, mtumishi wa kazi pale Ylätalo. Ameposwa na Antti mpangaji, anasubiri tu ndoa itangazwe. Akasoma amri ya nne, anafika kwenye maelezo, anasema: "Tusiwadharau wazazi wetu wala wakubwa wetu."

Nikamwambia, "Wala mabwana zetu."

"Imeandikwa wakubwa, lukkari."

"Rudia."

"Wa-ku-bwa," akasema, kidole kikiwa juu ya ukurasa. Na Sipi, bwana wake, ameshamaliza mtihani wake, amekaa karibu na moto na kiko chake, anasikia.

"Riitta, mimi naijua Katekisimu hii tangu mama yako hajajua kufunga kitambaa kichwani. Leo umewatoa mabwana, kesho utatoa amri nzima."

Hakurudi nyuma. Nikamwambia mchungaji kwamba hajui, naye akachukua neno langu. Ndoa haikutangazwa. Akizidi ukaidi, mchungaji anasema, atakaa miguu imebanwa kwenye mkatale mlangoni pa kanisa Jumapili watu wakipita. Siku hizi watumishi wana midomo, Dada.

Na tafadhali. Karatasi ni ileile, wino ndio mzito, na macho yangu ni mazima.

Klemetti


Turku, 24 Februari 1689

MDOGO WANGU KLEMETTI,

SALAMU KWA WOTE. NAANDIKA KWA HERUFI KUBWA MAKUSUDI, NA KARATASI NIMENUNUA MIMI, KWA HIYO USINUNG'UNIKE.

NILIKUULIZA KARATASI, UKANIJIBU MACHO.

NILIKUANDIKIA PEMBENI KWAMBA CHAPA MPYA IMEBADILISHA MANENO. HUKUJIBU KWA SABABU HUKUISOMA. LEO NIMEWEKA VITABU VIWILI MEZANI, CHA BABA NA KIPYA. CHA BABA KINASEMA MABWANA. KIPYA KINASEMA WAKUBWA. YULE BINTI ALISOMA KILICHOANDIKWA, WEWE ULISOMA KILICHOMO KICHWANI MWAKO, NA NDOA YAKE IMEKWAMA KWA AJILI HIYO.

MWAMBIE MCHUNGAJI KABLA MKUU WA JIMBO HAJAKUJA. NAJUA UNAOGOPA NYUMBA. HATA MIMI NAIOGOPEA. LAKINI UKIKAMATWA HUKU UNAFICHA, ITAKUWA MBAYA MARA MBILI.

BARUA HII INAKUJA NA TARISHI WA KANISA. KISANDUKU KINAKUJA NA PENTTI KWA SLEJI YAKE YA KUTELEZA JUU YA THELUJI, KWA SABABU TARISHI ANATUPATUPA VITU. USINIULIZE KIMETOKA WAPI.

VALPURI


TURKU, 28 APRILI 1689

KLEMETTI,

Pasaka imepita, mto umefunguka, barafu imekwenda baharini na daraja dogo la wachuuzi, na sijapata hata mstari kutoka kwako. Nasikia Mkuu wa Jimbo ameshapita huko kwenu. Kama umekasirika, kasirika kwa maandishi. Kama wamekutoa kwenye nyumba, mpandishe Mama kwenye gari la kwanza la siagi, mje. Chumba cha juu kitawatosha, na wewe utalala karakanani, nitakutandikia.

Salamu kwa Liisa. Nimeanza kwa herufi kubwa, nikasahau njiani kwa haraka ya kumwahi tarishi. Mwambie mchungaji akusomee.

Valpuri


Haukilampi, 9 Mei 1689

Dada yangu Valpuri,

Hakuna aliyenisomea barua yako. Nimeisoma mwenyewe, asubuhi hii, nikiwa nimekaa. Subiri, nitafika hapo.

Kwanza salamu. Mama mzima, Liisa mzima, ng'ombe wametoka nje jana wakakimbia huku na huku, na Mama aliwakimbilia. Tuko nyumbani, Valpuri. Nyumba ileile, mlango uleule unaolia. Pumua.

Barua yako ya herufi kubwa ilifika theluji ikiwa bado imejaa. Niliisomea nje, mchana, jua likimulika theluji, nimenyoosha mkono mpaka mwisho. Kwa mwaka mzima nimekuwa najiambia macho ni mazima, mikono ndiyo imekuwa mifupi. Nilipofika kwenye "wakubwa" nilikaa juu ya ngazi ya ghala, Liisa akatoka kunitazama akidhani nimeanguka. Niliona haya, Dada. Sijaona haya namna ile tangu utoto.

Nikaenda Ylätalo. Riitta alikuwa anakamua.

"Riitta, ni wakubwa."

"Najua, lukkari."

"Mbona hukubishana nami zaidi?"

"Nilibishana. Mkanitajia mkatale."

Nilikwenda kwa mchungaji nikamwambia binti anajua, atangaze ndoa, akaitangaza Jumapili iliyofuata, mara ya kwanza kati ya tatu. Lakini kwa nini nilikuwa nimemkataa, hilo sikusema. Nilisema tu kwamba nilikosea kusikia. Nilimeza nusu ya pili. Ndiyo maana sikukuandikia, kwa sababu ungeniuliza.

Kisha akaja Mkuu wa Jimbo, amepanda farasi, matope mpaka magotini, hasira mpaka shingoni. Alikuwa ametoka sharika za juu. Kanisa lilijaa, maana ni sheria. Mama alikuwa ameshafunga sufuria na shuka kwenye bunda, akaliacha mlangoni kwetu, akasema, "Tukifukuzwa, nisirudi kutafuta." Mkuu akawaita mbele watoto na watumishi, kila mmoja na kitabu chake, akanipa mimi chake cha mkononi, herufi ndogondogo.

"Lukkari aanze kusoma, nao wafuate kwa kidole."

Nilikifungua. Ukurasa ulikuwa ukungu mtupu. Ningeweza kuanza kutoa cha kichwani, Valpuri, ulimi ulikuwa umeshajiandaa. Lakini niliwaona wameweka vidole kwenye mstari wa kwanza, na Riitta miongoni mwao, na tangazo lake la mwisho la ndoa lilikuwa bado. Nikisema mabwana yeye atasema wakubwa, au atanifuata mimi asiseme kilichoandikwa. Sikutaka lolote kati ya hayo litokee mbele ya kanisa.

Nikamrudishia kitabu. "Sioni," nikasema.

"Tangu lini?"

"Tangu kitani cha mwaka juzi."

"Na hawa amewafundisha nani?"

"Mimi."

"Kwa kutumia nini?"

"Kwa kichwa, kwa mkaa na kwa vibao vya kuezekea." Na kwa kuwa mdomo ulikuwa umeshafunguka, nikamwambia habari ya Riitta yote, pamoja na mkatale. Mchungaji wetu alibadilika rangi. Liisa alikuwa ameinamisha kichwa, sikumwona uso, sijui ni kwa sababu ya machozi yangu au yake.

Mkuu akamwita Riitta, akatoa mfukoni karatasi ambayo hakuna aliyewahi kuiona hapa, tangazo la Mfalme la siku za maombi, limetoka kiwanda cha chapa juzi tu. "Soma."

Riitta akasoma. Polepole, akikwama kwenye jina la Mfalme, akirudi, akiendelea. Alisoma mpaka chini kabisa, hata jina la mchapaji. Mkuu akampa mwingine, naye akasoma. Na mwingine.

Akakunja karatasi. Alisema hivi, nimeyashika yote: "Nimetoka kwenye sharika ambako kila mtoto alinisomea bila kukosea, nikawageuzia kurasa, wakaendelea na maneno yaleyale. Hapa kuna mtu aliyeadhibiwa kwa kusoma kilichoandikwa. Basi hapa kuna mtu aliyemfundisha kusoma." Akanitazama. "Lukkari abaki. Mtafutieni macho. Na wewe umwombe huyu binti radhi, kwa sauti, hapahapa."

Nikamwomba, kwa sauti. Riitta akasema, "Nimekusamehe, lukkari." Hapo Sipi, kutoka kwenye benchi lake, akajisemea kama anayevuta pumzi: "Maana yake nini jibu." Hata Mkuu alicheka, Dada. Mimi nilicheka mpaka nikashikilia kamba ya kengele nisianguke, kengele ikalia mara moja. Tulipofika nyumbani Mama alifungua bunda lake, akatoa sufuria, akabandika supu, na alipotuletea mikate nikaona amenikatia kipande cha mzee wa nyumba.

Riitta na Antti wameoana. Niliongoza wimbo.

Ndipo Pentti akafika. Alikuwa amekwama njiani, mjini Hämeenlinna, sleji haina theluji, gari halina barabara, na kisanduku chako kimekaa katikati ya mapipa ya siagi. Nilidhani ni dawa, kumbe ni miwani. Nikaiweka puani dirishani, na kitu cha kwanza nilichokiona ni Liisa. Ana mvi nyingi, na hakuniambia. Kisha nikachukua barua zako zote, nikasoma ile ya Novemba, pembeni, herufi za kiroboto. Nikakuelewa baada ya miezi sita. Na asubuhi hii nikasoma hii ya Aprili, mistari yako imepinda kwa haraka.

Sasa watu wanasema lukkari amekuwa bundi. Wacha waseme. Shida ni moja tu, nikiimba juu kwa nguvu inaniruka puani, Jumapili iliangukia kichwani mwa mke wa Sipi.

Lakini Valpuri, ina mkanda mwembamba wa ngozi wa kufungia nyuma ya kichwa, umeshonwa kwa mshono wa mjalidi. Na ndani ya kifuko chake kuna herufi M, imechomwa kwa chuma. Uliniambia nisiulize. Nauliza. Maana yake nini?

Mdogo wako,
Klemetti


Turku, 16 Juni 1689

Mdogo wangu,

Jibu.

Ilikuwa juu ya meza ya Mikko, pale alipoiweka siku aliyosema amechoka anaenda kujinyoosha kidogo. Ilikuwa juu ya kitabu alichokuwa anakishona. Karakana sikuifungua kwa sababu nilijua nikifungua nitaiona, na nikiiona itakuwa kweli. Ulipoandika kwamba macho yako ni mazima niliingia kwa hasira, nikisema mdogo wangu hawezi kufukuzwa nyumbani kwa mama yangu kwa ajili ya kitu kinachokaa bure huku. Niliichukua. Nikakaa kwenye kiti chake, nikalia, nikalia mpaka nikapiga chafya kwa vumbi. Ndipo nikafungua dirisha.

Bado liko wazi. Wanafunzi wanapita wanaimba, na yule mbaya kuliko wote nimempa kazi ya kunikatia karatasi, ana mikono mizuri. Kile kitabu nimekimalizia mwenyewe. Mgongo umepinda kidogo, usimwonyeshe mjalidi yeyote. Pentti anakileta. Ni Katekisimu, chapa mpya, ya Mama. Anza kumfundisha sasa hivi, kwa mkaa, akikataa mwambie dari nitaifunga kwa kufuli.

Niliposoma kwamba mko nyumbani nililala usingizi wa mtoto mchanga. Nilikuwa nimesahau unavyokuwa.

Na ukiimba, vuta mkanda mpaka tundu la tatu. Yeye naye alikuwa anaimba akifanya kazi.

Valpuri